Kwa Mkono wa Duka

Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikaolewa. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mtaalamu wa kompyuta. Nilikuwa mfagiaji wa duka. Lakini kwa miaka kadhaa, kabla simu za mkononi hazijafika kwetu Shinyanga, daftari la vituo lilikuwa mikononi mwangu, na kila Jumamosi asubuhi mimi ndiye niliyesema nani yupo na nani hayupo.

Duka lilikuwa la Mhindi mmoja ambaye babu yake aliuzia pale pale. Aliuza redio, betri, nyaya na balbu. Mimi nilimwita tajiri kama wafanyakazi wote, naye aliniita mama, ingawa hatukupishana sana umri. Nyuma ya duka, katika chumba ambacho mwenye akili zake angeweka magunia, alikuwa na kompyuta yenye maandishi ya kijani, na pembeni yake kisanduku walichokiita modemu, kimeungwa kwenye waya wa simu. Haikuwa biashara. Yalikuwa mapenzi tu, kama wengine wanavyofuga njiwa.

Nilimuuliza ni kitu gani. Akaniambia niufikirie ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, ule unaobandikwa karatasi. Sasa ubao huu uko ndani ya kompyuta, na mtu wa mbali anausoma kwa kuupigia simu. Kompyuta yake inapiga, kompyuta yetu inaitikia, zinalia kidogo kama kuku aliyekanyagwa, halafu zinaanza kupeana barua. Mbao za namna hiyo zilikuwa nyingi, nchi hii na nchi nyingine, na zilipelekeana barua alfajiri, moja kwa nyingine, mpaka barua inafika kwa mwenyewe.

Hapo nikauliza swali ambalo mpaka leo naliona lilikuwa la maana. Kompyuta ya huko Ulaya inajuaje kwamba kuna mtu Mwadui?

Tajiri akafurahi. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Akanionyesha orodha. Ilikuwa mistari mitupu, kila kituo mstari wake: namba ya kituo, jina lake, mji, mwenyewe, namba ya simu. Mwanzoni mwa mstari palikuwa na nafasi ya neno fupi, na neno hilo lilieleza hali. Kituo kizima hakikuwekewa neno. Kilichonyamaza kwa muda kiliandikwa LALA, na mashine za watu zikajua zisikisumbue. Orodha nzima ya dunia ilikuwa ndefu kuliko Biblia, lakini kila kipande kilikuwa na mlezi wake. Tajiri alilea kipande chetu, vituo saba, kuanzia Shinyanga mjini mpaka Geita. Kila Ijumaa alimpelekea mabadiliko mkuu wa orodha aliyekuwa Dar es Salaam, na yule akayapeleka mbele. Siku chache baadaye mabadiliko ya wote yalirudi kwa wote.

Kilichonishangaza ni kwamba hawakutumiana orodha nzima. Walitumiana tofauti tu. Acha mistari mia, futa mmoja, ongeza miwili, acha mingine. Kama mtu anayeishona nguo ile ile kila wiki badala ya kununua mpya. Ukikosa wiki moja, kiraka cha wiki ya pili hakikai.

"Na nani anaiambia orodha kwamba fulani amekufa?" nikamuuliza.

"Sisi," akasema. "Orodha haina macho, mama."

Tulikuwa tumeshafuta mmoja. Alikuwa fundi wa pampu huko Geita, mtu wa kuwatolea wachimbaji maji mashimoni, aliyeendesha kompyuta yake kwa betri ya gari. Homa ilimchukua kwa siku nne. Ijumaa ile tajiri alikaa mbele ya kioo muda mrefu kabla ya kuufuta ule mstari mmoja. Wiki iliyofuata zikaja rambirambi kutoka kwa watu ambao hatukuwajua, wa nchi zenye theluji, waliouona mstari haupo wakaulizana. Tangu hapo, kwa watu wa mtandao ule, kufutwa kwa mstari wa kwetu kulikuwa tangazo la msiba.

Kazi yangu ilianza hivi. Wakati wa masika nyaya za simu ziliharibika kila mara, na tajiri hakuweza kujua kama kituo kimekufa au ni waya tu umelowa. Akaona afadhali sikio la mtu. Akanipa daftari na kuniambia kila Jumamosi nipige namba zote, nisikilize. "Kikiitikia, weka vema. Kisipoitikia, weka kosa." Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nilikuwa sifanyi kazi kwa kulipua. Nilipiga, nikausikia ule mlio wa kuku, nikaweka vema, nikakata. Watoto wangu walinicheka kwamba mama analipwa kusikiliza kuku.

Kituo cha Mwadui kilikuwa cha mzee mmoja, fundi mitambo wa mgodi wa almasi wa huko, mjane wa siku nyingi. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa anasomea uuguzi nchi ya mbali. Chuo cha binti kilikuwa na kompyuta iliyoungwa kwenye mtandao ule, na mzee alijifunza mambo haya ukubwani kwa ajili hiyo tu, ili apate barua za mwanawe kwa siku tatu badala ya mwezi. Alikuwa akija dukani mara moja moja kununua waya. Mtu wa maneno machache, msafi, shati limepigwa pasi na kola imekaa.

Jumamosi moja ya masika nikapiga Mwadui. Kuku hakulia. Aliitikia mwanamke.

"Mwangaluka, mayu," akasema. Ndiyo salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, na mayu ni mama.

Nikaitikia mwangaluka. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia njema. Nikamuuliza habari za huko, akasema njema, tupo. Nikamwambia nilikuwa nawajulia hali tu, akashukuru, nikakata.

Nikakaa na kalamu yangu. Nikasema, kumbe mzee ameoa. Nilifurahi, maana mwanaume kukaa peke yake miaka yote ile si vizuri. Ila kumuuliza sauti ngeni, wewe ni nani katika nyumba hiyo, huo si utu. Kwetu nyumba inayoitikia salamu ni nyumba nzima. Nikaweka vema.

Jumamosi ya pili, mwanamke yule yule. Tukaongea kidogo kuhusu mvua. Vema. Jumamosi ya tatu alinilalamikia kwamba simu yao inalia alfajiri, ukiipokea unasikia kitu kinapiga kelele sikioni kama pepo, na ameshaanza kuifunika kwa mto. Nikamwambia pole, itakuwa nyaya zimelowa. Vema.

Mnaona. Kelele ile ilikuwa yetu. Ilikuwa kompyuta ya tajiri, mita chache nyuma ya mgongo wangu, inayojaribu kila alfajiri kumpelekea mzee barua zake.

Jumatatu iliyofuata tajiri aliniita chumba cha nyuma, uso umebadilika. Mkuu wa orodha wa Dar es Salaam alikuwa ameandika. Alikuwa amepiga mwenyewe namba ya Mwadui kwa jambo jingine, akapokelewa na mwanamke aliyemkemea kwa jina la Yesu. Barua ilikuwa fupi. Alisema hakuna kosa baya katika orodha kuliko namba ya simu isiyo ya kituo, kwa sababu mashine hazichoki wala hazioni haya, zitamsumbua mtu asiyehusika mpaka kiama. Mstari wa Mwadui ufutwe Ijumaa hii.

Tajiri akafungua daftari langu. Vema, vema, vema.

"Mama, ulisikia mlio?"

"Nilimsikia mtu," nikasema.

"Mtu?"

"Mtu aliyeitikia. Uliniambia kikiitikia niweke vema."

Alitaka kukasirika, akashindwa, akakaa. Akanionyesha kwenye kioo: barua nne za mzee zimekwama pale pale kwetu, zote kutoka kwa binti. Hatukuzisoma, kusoma barua ya mtu ilikuwa mwiko. Lakini kichwa cha barua huonekana hata usipotaka. Ya kwanza ilikuwa na kichwa "Habari za shule". Ya nne iliandikwa "Baba uko wapi".

Wiki tatu nilifagia chini ya barua zile.

Hapo nikaona vizuri kitakachotokea Ijumaa. Mstari ungefutwa. Barua za binti zingeanza kumrudia kwa maneno kwamba kituo hiki hakipo. Na yeye angetazama orodha, aone kwamba baba yake ametolewa kama alivyotolewa fundi wa pampu. Tajiri aliniambia binti huyo naye aliandika rambirambi siku zile. Alijua kufutwa ni nini.

Nikamwomba tajiri aandike LALA badala ya kufuta. Akakataa. Alisema LALA ni ya mtu anayejulikana aliko, na sisi hatukujua.

"Basi nipe mpaka Ijumaa nijue," nikasema.

Nilimpigia mama wa Mwadui pale pale, mbele ya tajiri. Safari hii niliuliza nilichopaswa kuuliza tangu siku ya kwanza, yeye ni nani. Akashangaa. Ni mke wa mfanyakazi mgeni, wamepewa nyumba ile kabla tu ya masika. Mzee aliyekuwemo amestaafu.

"Kwani wewe ulidhani mimi ni nani, mayu?"

"Nilidhani mzee amekuoa."

Akacheka mpaka nikausogeza mkonga wa simu mbali na sikio. Akamwita mumewe asikie. Nikamwacha acheke, ilikuwa haki yake. Alipomaliza akaniambia mzee alihamia Tinde, kwenye shamba la ndugu zake, upande wa mnada wa ng'ombe, na kwamba vitu vyake alivifunga mwenyewe kwa kamba, hakutaka kusaidiwa.

Jumanne asubuhi nilikwenda Tinde. Si mbali na Shinyanga, ni njia ya Nzega. Kumpata hakukuwa na shida, maana mnadani kila mtu alikuwa ameshasikia habari za mzee aliyehamia na televisheni isiyoonyesha kitu. Nilimkuta anapalilia karanga, shati limepigwa pasi vile vile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia sana. Nikamweleza kilichonileta. Sikuzunguka. Nilimwambia kosa ni langu.

Alisimama na jembe lake.

"Mimi sikupotea," akasema. "Nilikataliwa."

Akanieleza. Wiki ya mwisho Mwadui, kabla ya kukabidhi nyumba, aliandika mstari wake mpya na kuutuma kama sheria inavyotaka. Jina, mji Tinde, na mahali pa simu akaacha wazi, kwa sababu huku shambani hakuna simu. Mashine ya Dar es Salaam ikamjibu papo hapo kwamba mstari usio na namba haupokelewi. Akaurudia mara tatu. Tajiri hakuuona mstari ule kamwe, mashine iliukataa mlangoni. Mzee akaona basi, wamemwambia asiye na simu si mtu. Akafunga kompyuta kwa kamba.

"Na mwanao?" nikamuuliza.

Hapo ndipo alipoangalia chini. Binti alikuwa amehama chumba, na anwani mpya ya posta ilikuwa iko kwenye barua ambayo alikuwa anaisubiri. Alichokuwa nacho ni namba ya kituo cha chuo tu.

"Barua hiyo iko dukani," nikasema. "Ziko nne. Lakini ukija kuzichukua tu haitoshi. Ijumaa wanakufuta, na mwanao atakulilia."

Aling'oa gugu moja, akalitupa pembeni. Kisha akasema, "Watanifuta vipi na mimi niko hapa napalilia?"

Swali hilo nililifikiria njia nzima ya kurudi. Orodha ile ilikuwa ya watu, au ya simu? Kama ni ya simu, basi mzee hayupo kweli, na mama wa Mwadui yupo. Kama ni ya watu, kwa nini mstari usiwe na mtu tu? Nikakumbuka kijijini kwetu. Tangu nikiwa mtoto hakuna mtu wa kijiji aliyekuwa na sanduku la posta. Shule ilikuwa nalo, na misheni. Barua ziliandikwa fulani bin fulani, kwa mkono wa mwalimu mkuu, na sanduku la shule. Mwalimu alizisoma bahasha mbele ya watoto, kila mtoto akapeleka ya kwao. Barua ya baba yangu kutoka machimboni ilifika hivyo, na posta haikuwahi kusema kwamba mama yangu hayupo duniani kwa kuwa hana sanduku.

Jumatano asubuhi nilimwambia tajiri hivyo. Mwandike mzee kwa mkono wa duka. Jina lake, Tinde, namba ya simu yetu.

Akatikisa kichwa. Vituo viwili namba moja, mashine zitachanganyikiwa, mtu anamtafuta mzee anapata duka.

"Na mtu anayemtafuta mama yangu anapata shule," nikasema. "Akishapata shule amempata."

"Mama, hii si posta."

"Ni nini basi?"

Alinipungia mkono niendelee kufagia. Lakini aliingia chumba cha nyuma, na nilisikia kibodi kwa muda mrefu. Alimwandikia mkuu wa Dar es Salaam. Jibu lilikuja Alhamisi, nalo lilikuwa gumu. Wazo halikuwa baya, alisema, ila mlezi haombi kwa niaba ya mtu. Mabadiliko ya mstari lazima yatoke kwa mwenye kituo, kwa mashine yake na neno lake la siri. Vinginevyo kesho yeyote atahamisha mstari wa yeyote. Nilikasirika, kisha nikaona ana haki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoa ushahidi wa uongo wiki tatu kwa moyo mzuri.

Sasa tazameni ugumu wake. Ili mzee aseme amehama, ilibidi mashine yake ipige simu, na simu ilibaki alikohama.

Nilimtuma dereva wa lori la pamba aliyekuwa anapita Tinde ampelekee mzee maneno mawili: njoo nayo. Ijumaa saa nne asubuhi mzee alishuka mbele ya duka, kompyuta imefungwa ndani ya blanketi na kubebwa kifuani kama mgonjwa. Alikataa kupokewa. Tajiri akachomoa waya wa simu kwenye mashine yake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuona akilifanya, akauchomeka kwenye ya mzee. Vumbi la Tinde lilikuwa limeingia ndani, kioo kikawaka, kikazima, kikawaka. Mzee akapiga Dar es Salaam. Laini ilikuwa inatumika. Akapiga tena. Mara ya nne kuku akalia, nami nilikuwa sijawahi kuufurahia mlio ule kama siku ile.

Aliandika neno lake la siri akiwa amekinga kibodi kwa mkono. Halafu mstari. Jina, Tinde, namba ya duka. Mashine ikaupokea, maana ulikuwa na namba. Kisha yule mkuu, aliyekuwa amekaa upande wa pili anatusubiri, akaandika kwenye kioo maneno yaliyojitokeza herufi moja moja mbele yetu. Alitaka neno la kuweka mwanzoni mwa mstari, mahali pa LALA, ili mashine za wengine zisimpigie mzee moja kwa moja bali zilipe duka barua zake. Lisizidi herufi tano.

Tajiri akaniangalia mimi. Mzee naye akaniangalia.

"Andikeni MKONO," nikasema.

Tajiri akahesabu herufi kwa kidole, akakubali.

Baada ya hapo mzee alihamishiwa barua zake nne. Alizisoma akiwa amesimama. Hatukumuuliza yaliyomo. Aliandika jibu papo hapo, kwa kidole kimoja, na nilipopita na ufagio niliona mwanzo wake tu: "Niko Tinde. Karanga zimeota."

Mabadiliko yalirudi wiki iliyofuata. Tajiri aliniita nione. Katika kipande chetu ilisema acha, acha, futa mmoja, ongeza mmoja. Nilimuuliza kwa nini wasiseme tu amehama. Akasema orodha haijui kuhama, inajua kufuta na kuongeza. Nikaogopa kidogo. Je, binti akiona ule wa kufutwa kabla ya ule wa kuongezwa?

Jibu la binti lilikuja siku ya nne. Mzee alikuwepo dukani, alikuwa ameanza kuja kila Jumamosi. Alisoma, akanigeuzia kioo mwenyewe, akanyoosha kidole kwenye mstari mmoja. Binti aliuliza: "Baba, MKONO ni wa nani?"

"Nimwambieje?" akaniuliza.

"Mwambie wa mfagiaji," nikasema, nikarudi kazini.

Neno lile lilienea. Muuguzi mmoja wa Buseresere asiye na simu akaandikwa kwa mkono wa kituo kilichobaki Geita, na mpima udongo mmoja wa machimbo naye hivyo hivyo, halafu wengine ambao sikuwajua. Mkuu wa Dar es Salaam aliliingiza kwenye sheria kwa maneno marefu, na hakutaja lilikotoka.

Mimi niliendelea na daftari langu. Kuku akilia, vema. Mtu akiitikia, namwamkia, kisha namuuliza jina lake na amefikaje hapo, apende asipende. Mzee wa Tinde yeye hakuwa na mlio wa kusikiliza. Jumamosi alipoingia na disketi yake ya kubebea barua mfukoni nilimwangalia usoni kwanza, ndipo nikaweka vema.